Lugha Iliyobaki katika Majina: Cornwall na Kikorni kwa Jicho la Isimu

Katika vitabu vya isimu tunavyosoma, Kikorni hutajwa kwa mstari mmoja tu: ilikuwa lugha ya Cornwall, kaunti moja ya Uingereza, nayo ilikufa mwaka 1777 alipofariki mama mmoja muuza samaki aitwaye Dolly Pentreath. Mstari huo ni rahisi kukumbuka wakati wa mtihani. Lakini kwa maoni yangu unaficha jambo lenyewe ambalo mwanaisimu anapaswa kulijua. Lugha haifi siku moja, wala haifi na mtu mmoja. Huondoka kijiji kwa kijiji, kizazi kwa kizazi, na kule Cornwall safari hiyo ya kuondoka imeachwa wazi katika majina ya mahali, kiasi kwamba mtu anayejua kanuni mbili tatu za sauti anaweza kuisoma kwenye ramani. Ndilo ninalotaka kulionyesha katika makala haya, halafu niulize linatuhusu nini sisi tunaosoma lugha za Afrika.

1. Mahali penyewe

Cornwall, au Kernow kwa lugha yake, iko kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Ni rasi: bahari iko pande zote isipokuwa mashariki, na hata huko mashariki mto Tamar ndio mpaka na kaunti ya jirani, Devon. Tamar huanza kilomita chache tu kutoka pwani ya kaskazini, kisha huteremka kusini hadi Plymouth, kwa hiyo Cornwall ni karibu kisiwa. Reli ya kutoka London ilivuka mto huo mwaka 1859 tu, kwa daraja la Saltash lililojengwa na Isambard Kingdom Brunel.

Makao ya utawala ni Truro. Kilima kirefu kuliko vyote, Brown Willy, kina mita 420. Hesabu ya watu ya 2021 ilikuta wakazi kama 570,000. Tangu 1337 kuna pia utawala wa kikabaila wa Cornwall, ambao mfalme Edward wa Tatu aliuanzisha kwa ajili ya mwanawe, na mpaka leo mali yake ni ya mtoto mkubwa wa kiume wa mfalme aliyepo. Mtakatifu wa Cornwall ni Piran, anayekumbukwa tarehe 5 Machi. Bendera yake ni msalaba mweupe juu ya rangi nyeusi.

2. Lugha ya namna gani?

Kikorni si lahaja ya Kiingereza. Ni lugha ya Kikelti, ndugu wa Kiwelisi cha Wales na Kibretoni cha Bretagne nchini Ufaransa. Kiingereza kililetwa na wageni waliotoka mashariki kuvuka bahari; Kikorni ni mzao wa lugha iliyozungumzwa kisiwani kabla yao.

Kwa mwanafunzi wa lugha za Kibantu, jambo la kwanza la kupendeza ni kwamba Kikorni hubadilisha mwanzo wa neno. Chukua neno «tas», yaani baba. Baba yake (wa mwanamume) ni «y das». Baba yake (wa mwanamke) ni «hy thas». Vivyo hivyo «penn», kichwa: kichwa chake mwanamume ni «y benn», chake mwanamke ni «hy fenn». Nomino ya kike katika umoja nayo hubadilika baada ya kitambulishi «an»: «mamm» ni mama, lakini mama yule anayejulikana ni «an vamm».

Asiyejua kanuni hii atatafuta «das» katika kamusi na asiikute, kama vile mgeni wa Kiswahili anavyotafuta «ndimi» bila kujua kwamba lazima aende kwenye «ulimi», au anavyoshangaa kuona «mti mrefu» lakini «nyumba ndefu». Sababu za kihistoria si moja: kwetu ni nazali ya ngeli inayogusa konsonanti, kwao ni sauti za neno lililotangulia, ambazo nyingi zimekwisha kupotea. Lakini somo ni lilelile: sarufi imekaa mwanzoni mwa neno.

Jambo la pili ni mpangilio. Katika Kikorni nomino hutangulia, kivumishi hufuata, kama katika Kiswahili. Mji wa Redruth unatoa mfano mzuri. Mwingereza akiliona jina hilo husikia «red», neno lake la «nyekundu», pale mwanzoni. Kumbe mwanzo ni «rys», yaani kivuko cha mto, na wekundu uko mwishoni: «rudh». Kivuko chekundu. Aliyelisoma jina kwa sarufi ya Kiingereza amepata rangi, lakini ameishika kwenye silabi isiyo yake.

3. Majina kama saa

Majina mengi ya Cornwall yamejengwa kwa vipande vichache vinavyorudiwa. «Tre» ni makao au shamba la familia. «Pen» ni kichwa, ncha, mwisho. «Pol» ni dimbwi au hori. «Porth» ni bandari, «chy» ni nyumba, «eglos» ni kanisa, «lan» ni uwanja uliozungushiwa ukuta kando ya kanisa. Sisi tuliosoma Kifaransa tunatambua mara moja kwamba «eglos» na «église» zina babu mmoja, na «porth» na «port» vilevile. Penzance, mji mkubwa wa magharibi, ni «pen sans», rasi takatifu.

Neno hilo «sans» ndilo mlango wa kanuni ya kwanza. Liweke karibu na maneno mengine: daraja ni «pons», jino ni «dans», mia ni «kans». Sasa soma Kifaransa kilivyoandikwa: saint, pont, dent, cent. Pale ambapo Kifaransa kina «nt», Kikorni kina «ns». Mabadiliko haya, pamoja na yale ya «d» ya mwisho kuwa «s», yalitokea katika karne ya 12 hivi. Kwa hiyo bonde, ambalo zamani lilikuwa «nant», likawa «nans». Na makazi, ambayo zamani yalikuwa «bod», yakawa «bos».

Tufungue ramani. Upande wa mashariki na katikati tunakuta Bodmin na Bodinnick. Tunakuta pia vijiji viwili viitwavyo Lanteglos, ambavyo asili yake ni «nant eglos», bonde la kanisa. Upande wa magharibi tunakuta Boscawen-Un, penye duara la mawe 19 ya kale, na Bosigran, na Nancledra, na Nancegollan. Kwa nini mashariki «bod» na «nant», magharibi «bos» na «nans»? Kwa sababu jina likishaingia katika kinywa cha watu wasiojua maana yake, huacha kufuata mabadiliko ya lugha ya kwanza. Mashariki majina yalipita mikononi mwa wasemaji wa Kiingereza mapema, yakaganda na sauti zake za kale. Magharibi lugha iliendelea kuishi, na majina yakaendelea kubadilika pamoja nayo.

Kuna tabaka la tatu. Tangu karne ya 16 Wakorni wa magharibi walianza kutia «d» fupi mbele ya «n» ndefu: «penn» ikawa «pedn». Majina yenye «pedn» yako magharibi ya mbali, kama ufuko wa Pedn Vounder, mwisho wa njia nyembamba. Hapo «bownder», njia, imekwisha kuwa «vounder» kwa kanuni ile ya kubadilisha mwanzo wa neno. Jina moja la ufuko limehifadhi kanuni mbili: moja ya fonolojia, moja ya sarufi.

Basi anayesafiri kutoka Tamar kwenda ncha ya magharibi anapita katika tarehe. Karibu kabisa na mto, majina mengi ni ya Kiingereza. Yafuata «bod», kisha «bos», mwisho «pedn». Hakuna aliyeketi kuandika historia hiyo. Imeandikwa na masikio ya watu.

Lakini naomba tahadhari, maana majina hudanganya. Boscastle, pwani ya kaskazini, haina «bos» yoyote: ni ngome ya familia ya Kinormani iliyoitwa Botterell. Lanteglos haina «lan» ingawa yaonekana kuwa nayo. Rasi ya Lizard haihusiki na mjusi, ambaye kwa Kiingereza huitwa hivyo. Ni «lys ardh», baraza lililo juu. Na karibu na Penzance kuna mji wa Marazion, kutoka «marghas», soko, na «byghan», dogo. Soko la pili la mahali hapo liliitwa «Marghas Yow», soko la Alhamisi. «Yow» na «jeudi» ya Kifaransa zote zatoka kwa mungu Jovis wa Warumi. Waingereza walisikia «Market Jew», soko la Myahudi, na mpaka leo barabara kuu ya Penzance inaitwa hivyo. Kutokana na kosa hilo la sikio zilizuka hadithi za Wayahudi wa kale waliochimba madini huko, mpaka katika karne ya 19 mwanaisimu Max Müller alipoandika kuonyesha kwamba hadithi ilizaliwa na jina, si jina na hadithi. Ndiyo maana kila jina lazima litafutwe katika hati za zamani kabla ya kufasiriwa.

4. Kanisa, kitabu na upanga

Majina yanatuambia lugha iliondoka wapi na lini. Hayatuambii kwa nini. Kwa hilo turudi kwenye karne ya 15 na ya 16.

Kikorni cha wakati ule kilikuwa na fasihi. Maandishi makubwa ni tamthilia za dini, zilizochezwa hadharani katika viwanja vya duara: Ordinalia ya karne ya 14, na Beunans Meriasek, maisha ya mtakatifu Meriasek, iliyonakiliwa mwaka 1504. Wasomi wanazihusisha na chuo cha makasisi cha Glasney, mjini Penryn, kilichoanzishwa 1265.

Mwaka 1497 Wakorni waliandamana mpaka karibu na London kupinga kodi ya vita dhidi ya Scotland. Viongozi wao walikuwa mwanasheria Thomas Flamank na mhunzi Michael, anayejulikana kwa jina la kazi yake, An Gof, «mhunzi» kwa Kikorni. Walishindwa, wakauawa. Mwaka 1548 chuo cha Glasney kilifungwa katika mageuzi ya kanisa. Mwaka 1549 serikali iliamuru ibada zote ziendeshwe kwa kitabu kipya cha sala cha Kiingereza. Watu wa Cornwall na Devon wakaasi, wakauzingira mji wa Exeter. Katika madai yao waliandika kwamba baadhi ya Wakorni hawajui Kiingereza. Askofu mkuu Thomas Cranmer aliwajibu kwa kuuliza kama wanaojua Kilatini kwao ni wengi kuliko wanaojua Kiingereza. Jibu la kijanja, lakini halikuwapa sala kwa lugha yao. Uasi ulizimwa kwa upanga na maelfu wakafa.

Hapa ndipo penye ulinganisho unaofundisha zaidi. Wales ilikuwa chini ya utawala uleule na mageuzi yaleyale. Lakini mwaka 1563 bunge liliagiza Biblia na kitabu cha sala vitafsiriwe kwa Kiwelisi. Agano Jipya likatoka 1567, Biblia nzima ya William Morgan mwaka 1588. Kikorni hakikupewa kitu. Biblia nzima kwa Kikorni ilichapishwa mwaka 2011. Siwezi kusema kitabu peke yake kiliiokoa Kiwelisi, maana wasemaji wake walikuwa wengi zaidi. Hata hivyo Mwelisi wa karne ya 17 alisikia lugha yake kila Jumapili ikisomwa kwa heshima, na Mkorni alisikia ya jirani.

5. Machimbo

Cornwall ilijulikana duniani kwa bati, na baadaye kwa shaba. Richard Trevithick, mtoto wa machimbo hayo, aliendesha gari la mvuke barabarani mjini Camborne mkesha wa Noeli 1801. Bei ya shaba ilipoanguka mwaka 1866, wachimbaji kwa maelfu walihamia Australia, Mexico, Marekani na Afrika Kusini. Mgodi wa South Crofty ulifungwa 1998, na tangu 2006 mandhari ya machimbo yale iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lugha ilikuwa imenyamaza kabla ya wachimbaji hao kupanda meli, lakini maneno ya kazi yaliendelea: «bal» ni mgodi, na «wheal», linalotangulia majina ya migodi kama Wheal Jane na Wheal Coates, ni «hwel» ya Kikorni, yaani kazi au mahali pa kazi. Neno la kazi huweza kuishi muda mrefu kuliko sarufi iliyolizaa.

6. Nani alikuwa wa mwisho?

Mwaka 1768 Daines Barrington, mwanasheria mwenye shauku ya mambo ya kale, alifika Mousehole akitafuta msemaji wa Kikorni. Alimkuta Dolly Pentreath, na maandishi yake yakamfanya mama huyo kuwa maarufu. Jina lake la ukoo lenyewe ni Kikorni: «pen» na «treth», mwisho wa ufuko. Alifariki Desemba 1777. Mwaka 1860 Louis Lucien Bonaparte, mtafiti wa lugha wa ukoo wa Napoléon, alishiriki kumwekea jiwe la kumbukumbu kwenye ukuta wa kanisa la Paul.

Lakini mwaka 1776, Pentreath akiwa hai, mvuvi William Bodinar alimwandikia Barrington barua kwa Kikorni na Kiingereza. Alieleza kwamba alijifunza utotoni, akienda baharini na baba yake na wazee wengine, na kwamba katika mji wake walibaki wanne au watano tu wenye kuijua, wazee wa miaka themanini. Vijana hawakuijua tena. Bodinar alifariki 1789. Mwaka 1875 Henry Jenner aliwakuta wazee wa Mousehole ambao bado walikumbuka namba na maneno kadhaa.

Sasa tarehe ya kifo ni ipi? Swali lenyewe limekosewa. Tarehe yenye maana katika barua ya Bodinar si ya mzee wa mwisho kufa, bali ile, isiyoandikwa popote, ambayo mtoto wa mwisho alisemeshwa lugha hiyo na wazazi wake. Kuanzia hapo kilichobaki kilikuwa ni kusubiri.

7. Kurudi, na ugomvi wa tahajia

Mwaka 1700 Edward Lhuyd, mwanazuoni wa Wales, alitembelea Cornwall akaandika alichosikia. Sarufi yake ya Kikorni ilitoka 1707. Kwa msingi wa kazi hiyo, tamthilia za kale na msamiati wa Kilatini na Kikorni wa karne ya 12, Henry Jenner alichapisha kitabu cha kujifunzia mwaka 1904. Robert Morton Nance alifuata na tahajia moja ya pamoja.

Baadaye ugomvi ukazuka. Turudi kwenye Kikorni cha tamthilia au kile cha mwisho alichokisikia Lhuyd? Tuandike kwa fonimu, kama Ken George alivyopendekeza mwaka 1986, au tufuate mazoea ya waandishi wa zamani? Vikundi viliandika kwa namna tatu au nne, kila kimoja na vitabu vyake. Tahajia ya kawaida ya pamoja, kwa ajili ya shule na ofisi, ilikubaliwa mwaka 2008 tu, nayo inaruhusu baadhi ya tofauti. Serikali ya Uingereza iliitambua lugha hiyo mwaka 2002 chini ya mkataba wa Ulaya wa lugha za wachache. Katika hesabu ya 2011 watu 557 waliitaja kuwa lugha yao kuu. Ni wachache mno. Lakini ni 557 zaidi ya mstari ule wa vitabu vyetu.

8. Kwetu je?

Katiba yetu ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba cha Kasai kuwa lugha za taifa. Nyingine zote inaziita urithi wa kitamaduni ambao dola inaulinda. Sheria ni nzuri. Lakini ulinzi huanza na maandishi. Kiluba cha Katanga kina kamusi kubwa ya Van Avermaet na Mbuya ya mwaka 1954. Lugha nyingi ndogo hazina hata orodha ya maneno mia tano. Na Kiswahili chetu, tunachokipenda, kwa baadhi ya lugha hizo ndicho kinachofanya kazi ambayo Kiingereza kilifanya Cornwall. Hatuna budi kulisema bila kuona haya.

Kwa wenzangu wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo, napendekeza mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza, kukusanya majina ya vijito, vilima, mashamba na vijiji vya eneo moja dogo, yakiandikwa kama wazee wanavyoyatamka, pamoja na toni, kisha kulinganishwa na ramani za zamani. Majina ya miji tumeyabadilisha mara nyingi. Mito imebaki na yake, na Lubumbashi yenyewe ina jina la mto. La pili, kuuliza katika kila nyumba si «nani anaijua lugha?» bali «mtoto mdogo kabisa anayesemeshwa lugha hii ana umri gani?» Jibu la swali hilo ndilo saa yetu. La tatu, kukubaliana tahajia moja mapema, hata kama si kamili, ili waandishi wa kesho wasitumie miaka ishirini kugombana kuhusu herufi.

Wakorni walisubiri karibu miaka mia moja na thelathini baada ya Pentreath, kisha wakaanza kukusanya kutoka kwenye karatasi na mabango ya njia. Wazee wetu bado wanajibu tunapowaamkia.